Mtoto wa Kumi

Afisa alihesabu watoto kabla hajamaliza kuitikia shikamoo yangu.

“Wanne,” alisema. Akaweka begi juu ya meza, akavaa miwani, akachomoa karatasi zangu za maombi. “Hapa umeandika kumi na wawili.”

Nikatazama mkekani. Wanne kweli. Wamekaa wima kama wanaosubiri komunyo ya kwanza, mashati meupe, magauni ya Pasaka, mafuta yanang'aa mpaka masikioni. Kwa kawaida saa nne asubuhi kituo chetu kina kelele, uji uliomwagika na angalau mtu mmoja anayelia bila sababu inayojulikana. Asubuhi ile palikuwa pasafi mpaka nikaogopa.

Afisa huyo anaitwa Ladislas, wa ustawi wa jamii, mtu mzima anayekaribia kustaafu. Alikuwa ametoka Mpanda alfajiri kwa pikipiki ya ofisi, na vumbi la njia nzima lilikuwa kwenye nyusi zake. Alikuja Usevya kwa jambo moja: kuamua kama mimi, Hilaria, mwalimu wa chekechea niliyestaafishwa na magoti, ninafaa kuitwa mtoa huduma wa watoto wenye ulemavu. Barua waliyoniletea mwezi wa tatu haikuzunguka. Kituo cha mchana kisicho na kibali kifungwe mwisho wa mwezi wa tano. Na kibali hakitoki mpaka mkaguzi aone, kwa macho yake, watoto wasiopungua kumi wakihudumiwa. Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na tisa Mei.

Maana ya kufungwa kila mtu hapa anaijua. Mpunga ukianza kuiva, watu wako shambani kufukuza ndege tangu alfajiri hadi giza. Mtoto asiyetembea, au asiyesikia akikatazwa, anabaki ndani, mlango umezungushiwa waya, na ugali wa jana uko kwenye sufuria karibu naye. Nilianzisha kituo miaka minne iliyopita, kwenye ghala la zamani ambalo parokia ilituazima, ili waya hizo zifunguliwe.

“Wengine wako njiani,” nilimwambia afisa. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku, na ulitoka laini kabisa.

Hawakuwa njiani. Nilielewa mara tu nilipoyaona yale magauni ya Pasaka. Jumapili baada ya misa nilisimama nikatangaza kwamba mgeni wa serikali anakuja, watoto waje wasafi. Watu wakasikia wanachosikia siku zote mgeni akitajwa. Mgeni akija, unatoa vikombe vya kioo na mkeka mpya, na ule uliochanika unausukumia uvunguni. Basi wakaleta wanne wanaokaa vizuri na kutabasamu. Wale wanaodondosha mate, wanaopiga kelele, wanaojikojolea, wakawaacha nyumbani ili wasiniaibishe. Walinitendea heshima. Ningeweza kuwanyonga wote kwa heshima hiyo.

Na mimi nisijifanye malaika. Nyumba yangu iko nyuma ya kituo, hatua mia hivi. Katika chumba cha mwisho, tangu saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nimemfungia mwanangu Maiko. Ana miaka kumi, ana usonji, hasemi, na mgeni akiingia huvua shati na kupiga mayowe mpaka sauti inakauka. Siku zote anashinda kituoni na wenzake, ingawa kwenye daftari hayumo. Nilijiambia wa kwangu haandikwi. Siku ile nilimwachia sahani yake ya bati, nikazungusha waya mlangoni. Nilisema moyoni ni siku moja tu. Kila mama niliyewahi kumgombeza aliniambia hivyo hivyo, ni siku moja tu.

Kuna jambo baya zaidi. Kwenye fomu ya maombi, palipoulizwa idadi ya watoto wa mwombaji, niliandika wawili. Angela yuko sekondari Mpanda, Innocent anajifunza ufundi wa pikipiki. Wawili. Kwetu ukiulizwa una watoto wangapi, ulimi unahesabu wale ambao watu wataendelea kuwaulizia: yuko darasa la ngapi, ameolewa wapi. Nilijibu wawili kliniki, wawili kwenye jumuiya, wawili kwa wifi yangu aliyekuja kutoka Tabora. Mkono ukaandika wenyewe. Lakini fomu ilikaa kabatini siku tatu kabla sijaituma. Niliisoma mara mbili na sikuirekebisha, na juu ya saini yangu palikuwa na maneno yanayosema nathibitisha kwamba haya yote ni kweli.

Sahani ikaanza kulia. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

“Hiyo ni nini?” afisa aliuliza.

“Jirani anagonga bati.”

Msaidizi wangu Imakulata, binti wa miaka ishirini na saba mwenye cheti cha uhudumu wa afya ya jamii, aliinamisha kichwa akaanza kupangusa meza aliyokwisha kuipangusa.

Afisa akatazama saa ya ukutani. “Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Nina fomu. Nitakagua choo, jiko, viti na daftari pamoja na huyu binti. Saa nane naondoka, njia ni mbovu na kesho nina kituo kingine. Nikihesabu kumi kabla ya saa nane, tutaendelea kuzungumza. Nikihesabu tisa, naandika hapana, na nikishaandika sifuti.”

Nikachukua baiskeli.

Kati ya wanane waliokosekana, mmoja alikuwa amelazwa hospitali na wawili walikuwa wamebebwa na wazazi wao hadi kwenye vibanda vya shambani, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Wanabaki watano. Watano na wanne ni tisa. Hesabu hiyo niliijua kabla sijakanyaga pedali. Nikajifanya mjinga, kwa sababu mjinga huwa na miguu yenye nguvu.

Nilianza kwa mzee Mwandu, babu yake Doto. Alikuwa barazani anasokota kamba.

“Shikamoo, baba. Doto yuko wapi?”

“Marahaba. Yuko ndani. Leo si mna mgeni?”

“Mgeni amekuja kumwona yeye.”

Akacheka, akidhani ninamtania. “Anajikojolea huyo, mama. Amwone ili iweje?”

“Ili aone kwamba anajikojolea na sisi tunambadilisha nguo. Ndiyo kazi yenyewe, baba. Nyie mnanificha kazi.”

Mzee akaweka kamba chini, akaingia ndani. Nilimsikia akifungua fundo. Doto alikuwa amefungwa kwa kitenge kwenye mguu wa kitanda, fundo laini la mtu anayempenda mjukuu wake, lakini fundo ni fundo. Mzee akamweka mgongoni, akaenda naye kituoni kwa miguu, akisema njiani kwamba serikali ya siku hizi haieleweki.

Nyumba ya pili nilipiga kelele. Ya tatu nilibembeleza. Ya nne mama wa nyumba aliniambia mtoto hana nguo ya kuendea mbele za watu, nikamjibu kwamba kumfungia mtoto ni dhambi ambayo padri hajapata malipizi yake. Nilisema hivyo, mimi, na kipande cha waya kilichobaki kiko kwenye mfuko wa sketi yangu. Nyani haoni kundule, na siku ile nilikuwa nyani wa kupigiwa mfano. Lakini maneno yalifanya kazi. Mmoja alikwenda kwa bodaboda akiwa katikati ya mama na dereva, mwingine alisukumwa kwenye toroli la kubebea matofali, wa nne nilimpakia mwenyewe kwenye baiskeli huku dada yake akimshikilia kwa nyuma. Saa saba na nusu walikuwa wamefika wanane, na magoti yalikuwa yananiwaka.

Ya mwisho ilikuwa nyumba ya Lusia. Niliiacha ya mwisho makusudi, kwa sababu tunapakana ua.

Lusia alikuwa amekaa mlangoni anapepeta mchele, na binti yake Séverine, ambaye shingo yake haijawahi kukaza, alikuwa amelala kwenye mkeka ndani ya kivuli cha mlango.

“Lusia, mdogo wangu, mlete mtoto. Zimebaki dakika ishirini na tano.”

Hakuinua macho. Ungo ukapanda, ukashuka. Nyuma ya ua sahani ikalia.

“Maiko yuko wapi, dada?”

“Ndani. Amelala.”

“Amelala anapiga sahani.”

Nikaegemeza baiskeli ukutani.

“Tangu alfajiri namsikia,” Lusia alisema, bila hasira yoyote, na afadhali angekuwa nayo. “Nikajiambia, kama mwalimu mwenyewe amefunga wa kwake, basi huyo mgeni ni wa kuogopwa. Ndiyo maana sikumleta wangu. Sikujua tulitakiwa kuwaleta.”

Nikakaa chini, hapo hapo kwenye pumba. Nikamweleza yote: kumi wanaotakiwa, tisa nitakaokuwa nao, fomu yenye watoto wawili, saini yangu chini yake. Bila Maiko kituo kimekufa kwa kukosa mtoto mmoja. Nikimpeleka Maiko, afisa atauliza ni wa nani, na fomu itakuwa imenishitaki.

Lusia alifikiri huku akiokota vijiwe kwenye ungo. “Sema ni wa marehemu dada yako. Ameletwa juzi, hajaandikwa bado. Nani hapa atasema siyo?”

Hakuna ambaye angesema. Watu wa Usevya wanaweza kusengenya mpaka mbuzi wachoke, lakini hawamtoi mtu wao kwa mgeni. Ilikuwa njia nzuri, na rahisi. Nikainuka nimeshaichagua.

Nilifungua waya kwa haraka, na ulinichoma mara mbili. Maiko alikuwa amekaa pembeni ya ukuta, hana shati, suruali imelowa. Kiganja cha kushoto alikuwa amejing'ata mpaka damu. Hakunikimbilia kama anavyofanya siku zote. Alitazama mlango kwanza, kisha waya mkononi mwangu, halafu mimi. Niliona aibu, nikaiona mpaka kwenye meno. Nilimwomba msamaha kwa sauti, ingawa sijui anachukua nini kwenye maneno yetu. Nikambadilisha suruali. Shati alilikataa, nikaliacha.

Tulifika saa nane kasoro dakika kumi na mbili, Lusia mbele na Séverine mgongoni, mimi nyuma nikimshika Maiko mkono. Ghala lilikuwa limerudi kuwa kituo chetu. Mmoja analia, mwingine anagonga kijiko, Doto amewekwa kwenye kiti chake cha mbao na Imakulata anamlisha uji, nusu unaingia, nusu unashuka kidevuni. Wazazi walikuwa wamesimama ukutani, wengine na jembe, kama watu waliosubiri kusomewa hukumu. Afisa alikuwa ameshashika kofia ya pikipiki.

“Tisa,” alisema afisa, Séverine alipolazwa mkekani.

Maiko akamwona mgeni. Akapiga yowe ambalo lilinyamazisha hata wanaolia, akaziba masikio, akazunguka mara mbili pale pale mlangoni. Afisa hakurudi nyuma. Alingoja. Yowe lilipokwisha akasema taratibu, “Kumi.” Kisha akafungua kalamu. “Huyu sijamwona kwenye orodha. Ni wa nani?”

Wazazi wote wakanitazama. Lusia akanitazama, akatikisa kichwa kidogo kunikumbusha. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: ni wa marehemu dada yangu. Kibali kilikuwa umbali wa maneno matano.

Maiko akiwa amechoka huja kuegemea. Alikuja hivyo hivyo, akaweka paji la uso kifuani kwangu mbele ya watu wote, akatulia. Ningesema maneno yale, ningeyasema juu ya kichwa chake.

“Wangu,” nikasema. “Mwanangu wa mwisho. Anaitwa Maiko.”

Afisa akapekua karatasi, polepole, mpaka ukurasa wa pili. “Fomu inasema wawili.”

“Niliongopa. Ninao watatu. Na ile sauti ya bati asubuhi ilikuwa yeye. Nilimfungia ndani ili usimwone.”

Alivua miwani. Alimtazama Maiko, akakitazama kiganja chake, akamwita Imakulata alete maji ya chumvi na kitambaa safi. Akasimama hapo mpaka jeraha lilipofungwa, na mimi nilisikia saa ya ukutani ikitembea.

“Nimekagua kwa miaka kumi na tisa,” alisema hatimaye. “Wanaodanganya idadi ya watoto wote huongeza. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea iliyopunguzwa.”

Mtu mmoja alicheka, akaacha.

“Kituo nimekiona. Watoto ni kumi. Choo kina mahali pa kushikilia, uji nimeuonja, daftari linasomeka. Kituo kinapita.” Watu wakaanza kupiga makofi, akainua mkono. “Kinapita, lakini siyo kwa jina lako, mama. Mtoa huduma ni mtu ninayemkabidhi watoto wa watu. Wewe leo umefunga mmoja, na ulisaini uongo kwamba hayupo. Jina hilo siwezi kuliweka.”

Nilikasirika. Nisiseme uongo mwingine: hasira ilitangulia, toba ilikuja baadaye na haikuwa na haraka. Viti vile nilivyoomba mbao zake kwa kila seremala. Miaka minne ya kubeba watoto wakubwa kuliko mgongo wangu. Kama si mimi, asingekuwa na cha kukagua pale zaidi ya panya wa ghala. Nilitaka kumwambia arudi Mpanda na fomu zake, na tungeona nani angeumia.

“Sasa kwa jina la nani?” Lusia aliuliza.

“La mwenye cheti. Huyu binti anacho, nimekiona. Fomu tupu ninayo, dakika ninazo tano. Akikataa, naandika hapana.”

Imakulata alikuwa ameshaanza kurudi nyuma, bakuli la uji mkononi. “Mimi siwezi. Kituo ni cha mwalimu. Watu watasema nimempindua.”

Wote walikuwa wananitazama tena, na mzee Mwandu alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa cha Doto. Nilijua kwamba nikikaa kimya tu, bila kusema neno baya hata moja, Imakulata angekataa mpaka mwisho kwa heshima yangu, na kituo kingefungwa kwa heshima hiyo hiyo iliyokuwa imetuua tangu asubuhi.

“Kaa, Imakulata,” nikasema.

“Mwalimu...”

“Kaa uandike jina lako. Mimi leo nimeshindwa. Wewe hukushindwa.”

Akakaa. Aliandika kwa herufi kubwa kama mtoto, akikosea tarehe na kuanza upya. Afisa aligonga muhuri saa nane na dakika nne. Akavaa kofia, akaaga kila mzazi kwa mkono, akaondoka amechelewa, na kwa dakika zile nne nikamsamehe kidogo.

Wazazi walitawanyika kurudi kwenye ndege wao. Imakulata alikuwa bado amekaa mezani, macho mekundu. Akavuta daftari na karatasi tupu ya mtoto mpya.

“Huyu wa kumi hana karatasi,” alisema, bila kunitazama. “Afisa ameagiza kila mtoto awe nayo.”

Akaniashiria benchi ambalo tunawakalisha wazazi. Katika miaka minne sikuwahi kulikalia. Ni fupi, magoti yanapanda mpaka kifuani. Maiko akaja akakaa chini miguuni pangu.

“Jina la mtoto?”

“Maiko Anselmo.”

“Umri?”

“Miaka kumi na miezi miwili.”

“Anapenda nini?”

“Sahani yake ya bati. Mvua ikipiga kwenye paa. Kuegemea.”

“Anaogopa nini?”

Maswali hayo niliyatunga mwenyewe. Nimewauliza akina mama wengi kwenye benchi lile, nikawatazama wakihangaika kujibu, nikadhani hawawajui watoto wao.

“Mlango ukifungwa,” nikasema.

Imakulata akaandika. Kisha akanigeuzia karatasi, akanionyesha kwa kidole mahali anaposaini mzazi, na mimi nikasaini.